Babu Amebadilishwa Prosesa

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia. Ungeikunja barua hii hapo hapo, ukaisukumia chini ya kikombe chako cha chai na kusema, "Rehema kaanza maringo ya mjini." Basi shikamoo, mama yangu.

Ninaandika nikiwa dukani, kwenye kiti chako, na ninatumia Babu, kompyuta yako kongwe. Usishtuke. Babu yu hai, tena ana nguvu kuliko ulivyomwacha, ila tumemtoa akili ya zamani tukamtia nyingine. Siku zote hizi nimekuwa nikijibizana nawe moyoni kuhusu jambo hili, mpaka wateja wananiona midomo inacheza peke yake. Nimeona heri niliandike lote kama lilivyokuwa, halafu nikupe jibu la lile jingine, lile la jina.

Tangu tulipokupeleka Mkuyuni mwanzoni mwa masika, steshenari yetu imekuwa ikipumua kwa shida. Watu waliendelea kuja, lakini walikuja kunipa pole, wanakaa kwenye benchi, wanaguna, wanaondoka. Wenye kazi walianza kuvuka barabara. Hasa wanachuo. Unawajua wenyewe, mtu analeta utafiti wake umejaa picha na majedwali, anataka uchapwe na kubanwa kabla ofisi hazijafungwa. Babu akipewa faili la namna hiyo alikuwa anazungusha kile kiduara chake hadi mtu anaweza kwenda sokoni kuchagua nyanya, akabishana bei, akarudi akakikuta kinazunguka. Sikuwalaumu vijana. Nilikasirika tu, maana hasira ndiyo iliyokuwa karibu.

Ulipokuwepo wewe walisubiri. Hilo ndilo lililoniuma. Babu alikuwa mzito vilevile, na bado benchi lilijaa, kwa sababu kumsubiri Babu kulikuwa kukaa na wewe. Ulikuwa unampiga kofi dogo ubavuni, pale kwenye bati lililokwaruzika, unawaambia watu, "Babu anavaa viatu, anakuja," kisha unaanza kumuuliza kila mmoja habari za kwao. Mgeni aliyeingia hana hata mtu wa kumsalimu Morogoro alitoka anajua mwenye nyumba ya kupanga, mganga wa meno, na binti wa nani hajaolewa. Mimi nilikuwa nakaa kwenye mashine ya kutoa kopi, nikijifanya nina kazi, kumbe nakuangalia.

Na ile sheria yako! Hakuna karatasi iliyotoka kwenye printa yako mpaka mwenye maneno ayasome kwa sauti, mbele ya benchi zima. Asiyejua kusoma ulimsomea wewe, naye akaitikia kila mstari. Wengine waliona haya, wengine walinuna, wengine walisema hii ni steshenari au ni mahakama. Hukujali. Namkumbuka yule bwana wa Mlali aliyekuja kuandikisha malalamiko dhidi ya ndugu yake, habari ya mpaka wa shamba la migomba. Maneno aliyokutajia yalikuwa makali hata mimi nikaacha kutoa kopi. Ukayaandika yote bila kupunguza, ukamgeuzia kioo, "Haya baba, soma." Akaanza kwa kifua, akafika katikati, sauti ikakwama. Akatazama watu kwenye benchi, akakutazama wewe. "Futa, mama," akasema. Ukafuta. Msimu wa ndizi ulipofika walikuja wawili, yeye na huyo ndugu yake, wamekuletea mkungu mzima, na hakuna aliyetaja ile barua. Mama Mkubwa, mimi nimesoma, nimekaa na watu wengi wenye maneno mazuri, lakini sijaona mtu aliyejua kumaliza ugomvi kwa kutofanya chochote kama wewe.

Sasa habari ya jina. Baada ya arobaini yako Mama Mdogo Pili alinivuta pembeni kule Mkuyuni, nyuma ya jiko. Akanikumbusha mila ya ukoo wetu, ingawa wewe mwenyewe ulishanifundisha zamani: mtu wetu akifa, jina lake linatafutiwa mtu wa kulibeba, na anayelibeba anakaa mahali pa marehemu. Ataitwa hivyo, ataheshimiwa hivyo, ataulizwa mambo ambayo marehemu angeulizwa. "Wamekutaja wewe," akaniambia. "Mama yako katangulia, dada Mwanaidi ndiye aliyekulea, na duka unalo. Nani mwingine?"

Nilisema nipeni muda. Akadhani naona haya, au nafuata mambo ya kisasa. Hapana. Niliogopa. Mwanaidi ni jina la mtu aliyekuwa akipita sokoni wauzaji wanasimama. Mimi napita sokoni naongezewa bei. Niliona nikilichukua nitalichakaza, watu watasema hili jina lilikuwa na mtu zamani. Duka lenyewe lilikuwa linanifia mikononi, halafu nikae mbele ya ukoo niitwe Mwanaidi? Nikajiwekea nadhiri bila kumwambia mtu: nikiweza kulisimamisha duka nitakubali. Nikishindwa, watafute mwingine, na mimi nibaki Rehema wangu wa kawaida.

Kununua kompyuta mpya hakukuwezekana, na hata kama kungewezekana, ile printa yako kubwa inaelewana na Babu peke yake. Nikamwita fundi Gabi wa Kihonda. Ndiyo, huyo huyo uliyemfukuza kwa sababu alimfungua Babu bila kupiga hodi. Alikuja anatazama mlangoni kana kwamba bado upo. Akamkagua Babu, akasoma ile stika ya nyuma, akaniambia tatizo ni prosesa. Diski tulishaibadilisha ukiwa hai, na uliniruhusu kwa mbinde. Kilichobaki ni hicho kibati kidogo cha mraba kinachofikiri kwa niaba ya mashine yote. Cha Babu kilikuwa dhaifu tangu siku alipotoka kiwandani.

"Ila dada," akasema, "hizi mashine zinazotoka kiwandani zimeshafungwa kila kitu zina masharti kama ndoa. Bodi yake haipokei prosesa yoyote tu. Lazima soketi, kile kikalio chake, ifanane, na isiwe inakula umeme kuliko pawa saplai yake inavyoweza." Akaahidi kunitafutia Dar kwa watu wanaochinja kompyuta za maofisini. Haikupita muda akaleta moja, imezungushiwa sponji ndani ya kiboksi cha dawa ya meno. Ndugu yake yule wa Babu, akasema, wa familia moja, ila kazaliwa baadaye kidogo na ana akili mara mbili.

Nikamwambia haya, badilisha. Gabi akarudisha mikono mfukoni. "Mimi sifungui. Mama alinikataza, na sijasamehewa. Fungua wewe, nitakuelekeza." Nilicheka mpaka nikalia, Mama Mkubwa. Mwanamume mzima, fundi anayefungua kompyuta za watu kila siku, anakuogopa wewe ukiwa Mkuyuni chini ya udongo.

Kwa hiyo nilifungua mimi. Tulichagua asubuhi, wateja wakiwa wachache. Nilitoa kitambaa chako cha kufuma, kile cheupe chenye maua ya njano ulichomfunika nacho kama televisheni ya sebuleni, nikakikunja. Nikagonga bati mara moja nikasema hodi. Ndani palikuwa na vumbi letu jekundu limelala kila kona, na Gabi akakitazama kitambaa, kisha akanitazama mimi. Na mimi nakutetea mpaka leo: ulikuwa unamkinga na baridi. Kwamba Babu alikuwa anakufa kwa joto, hilo wewe na mimi hatukuambiwa.

Nikafungua feni, nikalinyanyua bati la kupooza joto taratibu nikilizungusha, maana ile pesti ya kupitisha joto iliyo katikati ilikuwa imekauka kama ugali wa jana. Nikainua kiwaya cha pembeni, nikamtoa yule wa zamani. Kumbe ni mdogo hivyo! Kitu kilichoandika kadi zote za harusi za mtaa huu, barua za likizo, risala za msibani, na ratiba ya kwaya ya kina Mama Neema, kinatosha kwenye kiganja na nafasi inabaki. Nikamweka juu ya kitambaa chako. Nikamlaza mpya, pembetatu ya dhahabu ikitazamana na alama ya kwenye soketi, bila kumkandamiza. Nikatia pesti mpya kiasi cha punje ya choroko, nikarudisha feni, nikasema bismillah, nikawasha.

Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi.

Tukazima, tukawasha. Cheusi. Nikatoa kila kitu nikarudisha upya. Cheusi. Mama Neema akaja kutoka kwenye cherehani chake cha jirani, futi ya kushonea shingoni, akaangalia, akasema, "Babu kakaa eda." Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia Mama Mdogo Pili. Niliona jina linanipita hivi hivi, nalitazama likienda. Na ndipo nikagundua jinsi nilivyokuwa nalitaka.

Gabi alikaa kwenye benchi ameshika kichwa. Mara akaruka. "Dada, nimechanganya mambo! Hamjui!"

Nani hamjui nani? Akanieleza. Kwenye bodi yenyewe kuna programu ndogo, bayosi wanaiita, inayoamka kabla ya wote na kumkagua kila aliyeungwa humo ndani. Bayosi ya Babu iliandikwa kabla huyu prosesa mpya hajazaliwa. Kwa hiyo anaingia, anabisha hodi, na mwenye nyumba anasema sikujui. "Inabidi umrudishe yule wa zamani," Gabi akasema. "Mashine iwake naye, tuifundishe bayosi jina la huyu mpya, halafu ndiyo wabadilishane. Wa zamani ndiye anayemtambulisha mpya. Bila hivyo haiwezekani."

Nilikuwa nimekaa chini, nimeshika kile kibati kwenye kitambaa, na nilikuwa nakuona wewe.

Nilikuona miezi yako ya mwisho, ulipokuwa unakuja dukani kwa kuegemea mkono wangu na hufanyi kazi yoyote. Nilidhani unakuja kupunga hewa. Nilikuwa hata nakugombeza, nenda kapumzike, mama. Lakini kila mteja aliyeingia ulimshika mkono ukamgeuzia kwangu. "Unamwona huyu? Huyu ndiye mimi. Ukinikosa, yupo." Ulimwambia mwalimu mstaafu. Ulimwambia katibu wa msikiti, ulimwambia mama wa kanisani anayechapisha matangazo, uliwaambia wanachuo ambao hata hawakujua wewe ni nani. Ulinitembeza sokoni kwa wauza karatasi na wino, kituo kwa kituo, unapumzika kwenye magunia ya watu, unaendelea. "Huyu ndiye mimi." Nilikuwa naona aibu. Nikadhani ni maneno ya mgonjwa. Kumbe ulikuwa kazini, Mama Mkubwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako ya mwisho, na uliifanya ukiwa huna pumzi, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni nakusihi uache.

Basi nikapangusa macho nikamrudisha wa zamani. Babu akawaka bila kinyongo, na kiduara chake kile kile. Gabi akachomeka flashi yenye bayosi mpya, kisha akanyanyua kidole. "Hapa sasa umeme ukikatika katikati, bodi imekufa. Hakuna fundi wa kuifufua Morogoro nzima." Na mawingu yalikuwa yameshashuka Uluguru, na yupiesi yetu, ile betri ya kushika umeme ukikatika, ilishakufa zamani, tunaitumia kuwekea vikombe. Zaidi ya hapo unajua safu yetu yote inakula umeme wa mita moja, na swichi kubwa inaruka kila pasi ya Mama Neema inapokutana na mashine za Shabani kinyozi.

Nikatoka nje. Nikasema tu, "Jamani, naomba mzime kila kitu kidogo. Ni kwa ajili ya Babu wa Mwanaidi."

Laiti ungeona. Mama Neema alichomoa pasi ikiwa juu ya suruali ya mtu. Friji la soda likazimwa. Redio zikanyamaza. Shabani alizima mashine akiwa amemnyoa mteja nusu ya kichwa, na yule mteja, mgeni wala hatumjui, akatoka na shuka shingoni kuuliza amekufa nani. Shabani akamwambia, "Tulia kaka, ni mama yetu." Safu nzima ikasimama barazani, kimya, kila mtu anatazama mlango wa duka lako kama wanaosubiri mtoto azaliwe. Hakuna niliyemlipa, hakuna niliyembembeleza. Nilitaja jina lako tu.

Nilirudi ndani nikatazama ule mstari unaoonyesha kazi ilipofika ukijaa kiooni polepole. Ukajaa. Umeme ukakaa. Babu akajizima, akajiwasha mwenyewe. Nikambadilisha tena, na kioo kikatoa mwanga. Gabi akapiga kelele, barazani wakapokea, na Mama Neema akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka Mkuyuni. Kama ulisikia, ndiyo hicho.

Babu sasa anakimbia. Faili la mwanachuo linafunguka kabla hajamaliza kuvuta kiti. Wameanza kurudi, wanaambizana wenyewe kwa wenyewe, na juzi nilikuwa na foleni mpaka barazani. Nilidhani nitafurahi tu. Lakini mwalimu mstaafu alikuja kuchapisha barua yake ya pensheni, karatasi ikatoka akiwa bado ananiuliza hali, akaishika, akaitazama, akanuna. "Hii mashine siku hizi haina adabu," akasema. "Haisubiri hata salamu." Akasimama pale hajui aondoke au akae. Benchi lilikuwa tupu. Nikaona kosa langu kabla halijakomaa: nilikuwa nimeongeza mwendo na kuiacha ile sheria yako, kwa sababu vijana wana haraka.

Nikampokonya karatasi, kwa heshima. Nikamwambia, "Kaa mwalimu. Usome kwa sauti kwanza." Akakaa, akavaa miwani, akasoma, na wanachuo wawili waliokuwa nyuma yake wakakaa pia, wakasikiliza. Alipomaliza mmoja wao alikuwa anamjua mtu kwenye ofisi inayohusika. Wakaanza kuongea. Nikaweka chai. Benchi limejaa tena, mama, na safari hii hakuna anayemsubiri Babu. Wanasubiriana wao.

Jana nilimpigia simu Mama Mdogo Pili. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwambia nimekubali, waandae wanavyoandaa. Huyu ni mama aliyenibeba mgongoni. Huyu ni mdogo wako wa mwisho, aliyekuwa akikuamkia kila asubuhi ya maisha yake. Nikasikia anavuta pumzi.

"Shikamoo, dada," akasema.

Nilitaka kumwambia hapana, mimi ni Rehema. Nikatazama kiti chako nikakumbuka nimekikalia mimi. Nikasema, "Marahaba, Pili. Hamjambo huko?" Na yeye akaanza kulia, na mimi nikalia.

Kwa hiyo Jumamosi napanda Mkuyuni. Yule prosesa wa zamani nimemfunga kwenye kitambaa chako cha kufuma, nakuja naye. Babu hatakivaa tena, Gabi kanikanya, na mimi nimeona bora ukae nacho wewe. Nitakaa kwenye mkeka watakaponikalisha. Pumzika sasa, mama yangu, umeshanitambulisha, umemaliza. Nakuahidi hakuna karatasi itakayotoka mlangoni kwetu kabla haijasomwa kwa sauti, hata Babu awe na haraka kiasi gani. Barua hii pia nimekusomea yote, mbele ya benchi, na mwalimu amesema nisifute hata neno.

Ni mimi,

Mwanaidi